Laptop Iliyofungwa Haihitaji Fundi, Yamhitaji Mwenyewe

Kuanzia Makutano mjini Meru hadi vibanda vya karibu na steji ya Embu kuna imani ambayo haijawahi kuulizwa maswali: hakuna laptop isiyofunguka. Ukiambiwa mashine ina loki, unaomba upunguziwe bei, unalipa, halafu unamtafuta fundi. Mwanafunzi wa Nchiru aliyeingiziwa pesa za mkopo wa HELB juzi anaamini hivyo. Mwalimu wa Runyenjes anayetaka mashine ya kuandalia mitihani anaamini hivyo. Muuzaji naye anaamini, au anajifanya kuamini, maana bila imani hiyo kuna mashine ambazo hazingetoka kwenye rafu yake hadi kiyama.

Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoumia kwayo ni wale wale wasio na pesa ya kununua mara ya pili.

Kosa linaanzia hapa: tunadhani kufuli ni hitilafu. Skrini iliyopasuka ni hitilafu. Betri isiyoshika chaji ni hitilafu. Kibodi iliyomwagikiwa chai ni hitilafu. Hizo zina fundi, na mafundi wa Meru na Embu, nawasifu bila kinyongo, huzirekebisha kwa ustadi na kwa bei ambayo ingewatia haya walioiunda mashine. Kufuli halijaharibika. Linafanya kazi liliyotumwa kufanya, nayo ni kukuuliza wewe ni nani.

Ni kweli lipo kufuli la juu juu. Umesahau nywila ya Windows kwenye mashine yako mwenyewe. Fundi anaingiza flashi, anafomati, jioni unaichukua. Kufuli hilo ndilo lililozaa imani yote hii, kwa sababu ndilo ambalo kila mtu amewahi kuliona likifunguka. Na hata hapo kuna tahadhari ambayo wengi hawaijui. Windows 11, hasa toleo lililotoka mwishoni mwa 2024, husimba diski yenyewe bila kukuuliza pindi unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake ni tarakimu 48, na umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akifomati, mashine itawaka, lakini tasnifu yako na picha za ruracio zimekwenda. Kuchomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, ujanja uliowaokoa wengi zamani, hakusaidii tena. Anayeweza kukusaidia ni wewe mwenyewe, kwa kuikumbuka barua pepe uliyoitumia siku ya kwanza.

Sasa shuka chini ya Windows, mahali penye BIOS, programu ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo hadithi ya betri inapotawala. Hakuna hosteli ambayo haina mjuzi wa kukwambia ufungue skrubu, utoe kile kibetri cha duara mithili ya sarafu, usubiri, urudishe, na nywila itakuwa imefutika. Hadithi hiyo ilikuwa kweli kwa kompyuta za mezani za miaka ya 1990, ambazo mipangilio yake ilikaa kwenye kumbukumbu iliyotegemea umeme wa kibetri hicho. Lakini mashine zinazojaza maduka yetu ya ex-UK ni ThinkPad, EliteBook na Latitude, laptop za maofisini, na hizo huiweka nywila kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Toa kibetri, kiache nje hadi Krismasi. Utakachopoteza ni saa na tarehe. Lenovo yenyewe imeandika miaka nenda miaka rudi kwamba nywila ya msimamizi wa ThinkPad ikisahaulika haifutwi: hubadilishwa bodi nzima, kwa gharama ya mwenye mashine, naye aje na risiti.

Basi huja fundi wa ngazi ya pili, mwenye kifaa cha kusoma na kuandika chipu. Huyu si tapeli, anajua kazi. Lakini muulize kitakachofuata akiandika vibaya, au akiweka faili aliyoitoa kwenye mashine nyingine. Mara nyingi ndani ya chipu hiyo hiyo mna namba ya mashine yako na programu ndogo ya Intel inayosimamia bodi. Ikiharibika programu hiyo, laptop huweza kuwaka vizuri kabisa, ukashangilia, ukalipa, ukapanda matatu, kisha ikajizima yenyewe baada ya dakika 30 hivi. Ukiiwasha tena, itajizima tena. Mteja atarudi kulalamika kwamba mashine inapata joto. Haipati joto.

Lakini kufuli baya kuliko yote ni lile linalojifanya limeondoka. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani husajili laptop za wafanyakazi wao kwa Microsoft, kwa utaratibu uitwao Autopilot. Usajili huo haukai kwenye diski. Unakaa kwenye kompyuta za Microsoft, ukiambatana na alama za bodi yako. Fundi anafomati na kuiandaa mashine bila intaneti, kila kitu kinakwenda sawa, nawe unaitumia muhula mzima. Siku unapoirudisha upya ikiwa imeunganishwa na mtandao, inakukaribisha kwa jina la kampuni ya Uingereza usiyoijua na kukuomba barua pepe ya kazini. Ukibadilisha diski, utakutana nayo tena. Absolute, kampuni iliyoanzia Vancouver, imefika mbali zaidi: kipande cha programu yake hutiwa kiwandani ndani ya BIOS ya laptop nyingi za maofisini, na kikishawashwa na mwenye mali hujirudisha kwenye Windows hata baada ya diski kutupwa. Mwenye mali akiamua, anaigandisha mashine kutoka upande wa pili wa dunia. Za Apple, kuanzia za 2018 zilizo na chipu ya T2, huweza kuulizia akaunti ya mwenyewe kabla ya kukubali kuanza upya, na hapo fundi hana pa kuingilia.

Kinachonishangaza ni kwamba haya tunayaelewa kabisa kwenye simu. Tangu Safaricom na Google walete Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, kwa shilingi 20 kwa siku, hakuna mtu Maua wala Siakago asiyejua kwamba simu ya mkopo ikijifunga ni kwa sababu kuna anayeidai. M-KOPA nao vivyo hivyo. Ukiona simu ya namna hiyo inauzwa nusu bei, unajua papo hapo kwamba deni halijakwisha. Basi kwa nini akili hiyo hiyo inatutoka tunapoona laptop? Mbona hatumuulizi muuzaji ni nani anayeidai?

Nenda soko la mifugo la Ishiara uone mzee wa Mbeere anavyonunua ng'ombe. Kabla ya meno na kiwele, anatazama alama na kuuliza katoka boma gani. Akimkuta na chapa ya mtu mwingine, hamwiti daktari wa mifugo aje kuifuta. Anasogea kwa mnyama mwingine. Na kijana wa mzee huyo huyo, msomi wa chuo kikuu, atanunua EliteBook yenye chapa ya benki ya ng'ambo kwenye skrini, halafu aulize ni nani anayeweza kuifuta.

Sisemi kila laptop iliyofungwa ni ya wizi. Huo nao ni uvivu wa kufikiri, na polisi wengine wanaupenda kwa sababu zao. Ofisi za ng'ambo hutumia laptop miaka mitatu minne, kisha huziuza kwa mafungu, na karani aliyepaswa kuziondoa kwenye usajili hupitiwa. Mashine kama hiyo ni halali kabisa, ila haijaachiliwa. Dawa yake ni barua pepe moja yenye namba ya mashine, itumwe kwa idara ya kompyuta ya kampuni ile, nao waiondoe; ni kazi ya dakika chache. Lakini ni nani anayeweza kuituma barua hiyo na kujibiwa? Mwagizaji wa Nairobi aliyenunua fungu zima na aliye na hati zake. Mwanafunzi wa Embu hawezi. Kwa hiyo mwagizaji anapoisukuma mashine hiyo huku mlimani kwa bei ya chini badala ya kuandika barua, anamuuzia mwanafunzi uzembe wake mwenyewe na kuuita punguzo.

Na zinakuja nyingi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma, isipokuwa chache mno, hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Ofisi za ng'ambo zina kila sababu ya kuzitoa kwa wingi, na tunajua zinakoishia.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa sababu hakuna anayeifikiria hadi afikishwe kituoni. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamwadhibu anayevunja ulinzi wa kompyuta huku akijua hana ruhusa: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu mali ya wizi, kinafika miaka 14, nacho kinamgusa aliyejua na pia aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi. Tuseme mashine ya 22,000 umeuziwa kwa 9,000, bila risiti, ikiwa na jina la kampuni kwenye skrini. Utamwambia hakimu hukuwa na sababu? Fundi naye ajihadhari: kitabu kidogo cha kuandika jina la mteja, namba ya kitambulisho na namba ya mashine kinaweza kumwokoa siku mbaya, na mteja anayekataa kuandikwa ameshajieleza.

Nitaambiwa nawasemea wenye pesa. Maskini atanunua nini kama si hiyo ya 9,000? Atanunua mashine ya zamani zaidi isiyo na jina la mtu. ThinkPad ya kizazi cha tano au cha sita iliyoachiliwa vizuri, ikibadilishiwa diski ile ya kuzunguka ikawekewa SSD, ikaongezewa RAM hadi giga 8 na kupewa Linux Mint ambayo hailipiwi, itaandika tasnifu, itafungua eCitizen na iTax, na itafanya kazi za mtandaoni bila kulalamika. Huo ndio ufufuaji wa kweli wa laptop, na mafundi wetu wanauweza. Ni afadhali fundi apate riziki yake humo kuliko kwenye kuchokonoa chipu za watu. Nasi tunaouziana sisi kwa sisi tuwe na adabu: kabla ya kumuuzia jirani, toka kwenye akaunti zako, ondoa nywila ya BIOS, mpe risiti hata ya kuandika kwa mkono.

Dukani usiridhike kuona mashine ikiwaka. Linganisha namba iliyo chini yake na iliyo kwenye risiti. Ingia BIOS uone kama inakuomba nywila, na utazame kama Absolute imewashwa. Halafu mwambie muuzaji airudishe upya kabisa mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti tangu hatua ya kwanza. Atakwambia itachukua muda, kaa. Atakwambia itamaliza bando yake. Mpe hotspoti ya simu yako. Akikataa na hiyo, mrudishie mashine yake uende duka la pili.