Bei Si Siri: Andika Bei Kwenye Ukurasa wa Biashara Yako

Ni Jumamosi jioni na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mama mmoja pale Kawangware 46 anatafuta sweta ya shule ya mtoto wake kwa simu. Anapata ukurasa wa fundi mwenye duka Gatina, mwendo mfupi tu kwa miguu. Picha ni safi na sweta inapendeza. Chini yake kumeandikwa: "Bei njoo inboksi."

Anaandika, "Habari, hiyo sweta ni pesa ngapi?" Halafu anangoja. Fundi yuko kwenye cherehani, simu iko kwa chaji. Jibu linafika saa nne usiku, na mama ameshaamua kwamba kesho asubuhi atapanda matatu aende Toi Market. Pesa ilikuwa kwa simu yake tayari. Kilichokosekana ni tarakimu tatu au nne.

Hatujamtaja mtu hapa kwa sababu hakuna haja. Kama unanunua vitu kwa simu, wewe umewahi kuwa huyo mama. Na kama unauza, pengine umewahi kuwa huyo fundi.

Sisi tunahudumia wote wawili, anayelipa na anayelipwa. Kwa hivyo tuna maoni yetu na tutayasema wazi: mfanyabiashara mdogo anayeficha bei anajinyima mauzo, na zaidi ya hapo anafanana na tapeli bila kujua.

Tukiri kosa letu kwanza. Wengine wetu kwenye timu hii tumetoka chuo majuzi tu, tulikosomea masoko. Tulifundishwa kwamba biashara inahitaji hadithi na maneno ya kuvutia. Tulipoanza kuwashauri wafanyabiashara jinsi ya kuandika kurasa zao, tulibeba ushauri huo mzimamzima: simulia safari yako, eleza ndoto yako. Mtu akafuata, akaandika aya tatu za ndoto, na mteja akafika mwisho bila kujua kama duka linauza viatu au linavishona.

Siku hizi tunasema kitu kingine. Mteja wa Kibera au Kawangware anayefungua ukurasa wako ana maswali manne. Unauza nini? Ni pesa ngapi? Uko wapi? Nikilipa, pesa inaenda kwa nani? Jibu hayo kwanza. Hadithi ya safari yako itafuata, kama nafasi itabaki.

Kwani nikiandika bei, jirani si ataiona?

Hili ndilo pingamizi tunalosikia sana. Jibu letu ni kwamba jirani anaijua tayari. Vibanda vimepakana, wateja ni walewale, na kila anayetoka kwako bila kununua anaenda kumwambia mwenzako ulimtajia ngapi. Ukificha bei, anayebaki gizani ni mteja peke yake.

Pingamizi la pili ni kwamba hapa watu wanapenda kupatana. Sawa, na wapatane. Andika "bei inaongeleka" au "kuanzia shilingi kadhaa", mteja ajue anaanzia wapi. La tatu ni kwamba bei zinapanda kila mara. Ni kweli, unga na mafuta havingoji mtu. Basi weka tarehe: "Bei za wiki hii, kuanzia tarehe 5." Mteja akiiona wiki tatu baadaye ataelewa, na hatakuja na ugomvi dukani.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalioni. Mteja akiambiwa aje inboksi, anaanza kuwaza kwamba utaangalia picha yake kwanza, uone anakaa vipi, ndipo umpe bei. Pengine hukuwa na nia hiyo hata kidogo. Lakini kila mtu Nairobi ashawahi kuongezewa bei kwa sababu ya nguo alizovaa, na hilo halisahauliki haraka.

Na si suala la heshima tu. Katiba yetu ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kifungu chenyewe ni cha 46. Watu wa Kawangware, nyinyi hamna kisingizio cha kusahau nambari hiyo.

"Karibu na stage" si mahali

Mwaka 2009, kwenye ramani za intaneti Kibera ilikuwa kama doa tupu, ingawa watu wamekaa hapo vizazi na vizazi. Mwaka huo vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS, wakatembea vijiji vyao, wakaweka alama moja moja: zahanati, shule, vyoo, sehemu za maji, makanisa, misikiti. Waliziingiza kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na mradi huo ukaitwa Map Kibera. Walioifanya Kibera ionekane ni watu walioijua kwa miguu yao.

Hicho ndicho tunachokuomba ufanye kwa duka lako. Kuandika "Kibera" pekee ni karibu sawa na kuandika "Nairobi". Taja kijiji: Makina, Lindi, Gatwekera, Laini Saba. Kule ng'ambo sema kama ni Gatina au Kabiria. Kisha taja kitu ambacho mgeni ataona akisimama barabarani, kama shule, kituo cha maji au geti la rangi fulani. Malizia kwa siku na saa unazofungua. Mteja akitoka kazini saa kumi na mbili akute umefunga, hatarudi kirahisi.

Jina linalotokea wakati wa kulipa

Hapa tunaongea kama watu wa malipo, na tunaomba uwe makini. Ukurasa wako unasema duka linaitwa hivi, lakini mteja anapolipa kwa nambari yako ya Till, jina linalotokea kwenye simu yake ni tofauti kabisa. Labda ulisajili Till kwa jina lako mwenyewe, au kwa jina la biashara ya zamani. Wewe unajua ni sawa. Mteja hajui. Ashaambiwa mara elfu asitume pesa kwa jina asilolijua, na sisi ni kati ya wanaomwambia hivyo.

Wengine watasita, wakatize malipo. Wengine watalipa tu, na hao ndio wanatutia wasiwasi zaidi. Wakizoea kulipa majina wasiyoyatarajia, siku tapeli atakapoiba picha zako na kufungua ukurasa bandia wenye nambari yake, hawataona tofauti. Dawa yake ni sentensi moja: "Ukilipa, jina litakaloonekana ni hili. Ukiona jina lingine, usilipe, tupigie." Nambari ya Till na jina vikae pamoja, mahali pamoja, visibadilike kila wiki. Na ukibadilisha Till, siku hiyohiyo badilisha na ukurasa.

Usianike malipo ya wateja

Kuna mtindo umeenea wa kupiga picha ujumbe wa malipo na kuuweka kwenye ukurasa ili kuonyesha kwamba biashara inatembea. Tunaelewa nia. Lakini ujumbe ule unaweza kubeba jina la mteja, nambari yake ya simu, kiasi alicholipa na saa aliyolipa. Tapeli akiupata ana kila kitu cha kumpigia: "Habari mama, ile pesa uliyolipa leo saa nane ina shida kidogo..." Na mama ataamini, kwa sababu maelezo yote ni ya kweli.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu, na duka dogo nalo linaguswa. Ukitaka ushahidi kwamba wateja wanaridhika, omba mmoja aseme sentensi mbili kwa maneno yake, na umuulize kama unaweza kuziweka. Akikataa, muache.

Inavyoweza kuonekana

Tuseme wewe ni fundi Makina. Bei hizi ni za mfano, weka zako:

"Tunashona sare za shule na kurekebisha nguo. Kupunguza suruali ni sh 150. Zipu mpya ni kuanzia sh 100. Sketi ya shule ni kuanzia sh 700, kutegemea kitambaa. Bei ni za mwezi huu. Tuko Makina, mlango wa bluu mkabala na msikiti. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku. Lipa kwa Till iliyo hapa chini. Jina litakaloonekana ni lile lililo kando yake. Ukiona lingine, tupigie kwanza."

Ni mistari michache, na mtu wa bando la siku moja anaisoma bila kufungua video wala kusubiri picha nzito. Andika kwa lugha unayoongea mlangoni pa duka. Kama wateja wako wanachanganya Kiswahili na Sheng, changanya. Hakuna mtu anayekuja kwa fundi kusahihisha insha.

Jambo la mwisho kabla hujaandika: weka nakala yako mwenyewe kwenye daftari. Machi 2024 Google ilizima tovuti zile rahisi za bure ambazo wenye biashara walikuwa wametengeneza kupitia wasifu wao wa biashara. Wasifu wenyewe ulibaki, lakini tovuti zikaenda. Kurasa za bure ni nzuri, zitumie, ila kumbuka nyumba ni ya mwenyewe na wewe ni mpangaji.

Leo jioni ukishafunga duka, mpe jirani simu yako asome ukurasa wako, wewe nyamaza. Akikuuliza swali lolote kati ya yale manne, usimjibu kwa mdomo. Chukua simu, uliandike jibu hapohapo.