Nahodha Aliyewaokoa Aliowazamisha

Mwaka 1942 bandari ya Kilindini, Mombasa, ilikuwa na manowari nyingi za Kiingereza, zilizoondoka Ceylon kwa kuwakimbia Wajapani. Katika safari zake za mwaka huo ilipita hapo meli kubwa ya abiria, jina lake Laconia. Ilitoka Suez mwezi wa Agosti kwa njia ya Aden, na baada ya Mombasa ikashika njia ya Durban na Cape Town, ipate kufika Uingereza kwa kuizunguka Afrika yote, maana njia ya Bahari ya Mediteranea ilikuwa ya hatari mno. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,700: mabaharia, askari wa Kiingereza, wanawake na watoto, walinzi wa Kipolandi, na huko chini, katika vyumba vya shehena vilivyofungwa kwa vyuma, mateka wa Kiitalia karibu 1,800.

Meli hiyo haikufika. Usiku wa tarehe 12 Septemba, katika bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Afrika ya Magharibi, ilipigwa topido mbili na nyambizi ya Kijerumani, U-156.

Nahodha wa nyambizi hiyo aliitwa Werner Hartenstein. Alizaliwa Plauen, katika nchi ya Saxony, mwaka 1908, akaingia jeshi la majini mwaka 1928. Kwanza aliongoza manowari ndogo za topido, kisha mwaka 1941 akahamia nyambizi. Alikuwa mtu wa vita hasa. Mwezi wa Februari 1942 alikwenda mpaka kisiwa cha Aruba, karibu na Venezuela, akazipiga meli za mafuta bandarini. Alitaka pia kuipiga kwa mzinga mitambo ya kusafisha mafuta iliyokuwa nchi kavu, lakini wapiga mzinga walisahau kuondoa kizibo kinachozuia maji kuingia katika mdomo wake. Mzinga ukapasuka, baharia mmoja akafa, na ofisa mmoja akapoteza mguu. Unadhani Hartenstein alirudi nyumbani? La! Aliamuru kipande kilichoharibika kikatwe kwa msumeno, akaendelea kupiga meli kwa mzinga mfupi. Katika vita vyote alizamisha meli kama 20.

Laconia nayo aliipiga kama nyingine. Ilikuwa na mizinga, tena ilisafiri bila taa, basi kwa sheria ya vita alikuwa na haki ya kuipiga. Lakini alipoisogelea ikizama, alisikia kilio gizani, na kilio hicho kilikuwa cha Kiitalia. Waitalia walikuwa rafiki wa Wajerumani katika vita! Wengi wao walikuwa wamekufa tayari huko chini, kwa kuwa milango haikufunguliwa. Wengine walivunja njia wakajitupa majini, na papa walikuwapo.

Hartenstein akaanza kuwaokota watu. Pengine mtu atasema: aliwahurumia Waitalia tu. Mwanzo huenda ilikuwa hivyo. Lakini hakumwuliza mtu taifa lake kabla ya kumpa mkono. Aliwatoa majini Waingereza na Wapolandi pia, wanawake na watoto, akawapa supu, kahawa ya moto na mahali pa kulala.

Sasa yafaa tufahamu nyambizi ya siku zile ilikuwa chombo gani. Haikukaa chini ya maji daima. Ilikwenda juu kwa injini za dizeli, na ilipoona adui ilijificha chini. Kujificha ndiko kulikuwa usalama wake wote. Nyambizi yenye watu mia juu ya mgongo wake haiwezi kuzama bila kuwaua. Hartenstein alikuwa na watu karibu 200 juu na ndani ya chombo kilichojengwa kwa mabaharia kama 50, na mashua zilizojaa watu akazifunga kwa kamba nyuma yake.

Alfajiri ya tarehe 13 akafanya jambo ambalo makapteni wa vita hawalifanyi. Alitangaza kwa redio, kwa Kiingereza, bila maneno ya siri, mahali alipo. Akasema kwamba meli yo yote itakayokuja kuwasaidia watu wa Laconia hataipiga, mradi yeye mwenyewe asipigwe. Mkuu wake, Admirali Dönitz, alikubali kazi ya kuokoa iendelee, akatuma nyambizi nyingine mbili, U-506 na U-507. Waitalia walileta yao, Cappellini, na Wafaransa wa serikali ya Vichy wakatoa meli kutoka Afrika ya Magharibi. Waingereza waliosikia tangazo lile walidhani ni mtego, na Wamarekani waliokuwa katika kisiwa cha Ascension walipata habari nusu nusu.

Tarehe 16 Septemba, kabla ya saa sita mchana, ndege ya Kimarekani ilitokea. Hartenstein alitandaza bendera kubwa ya Msalaba Mwekundu. Ofisa mmoja wa ndege wa Kiingereza, miongoni mwa waliookolewa, akapeleka ujumbe kwa taa: hapa kuna watu wa Laconia, askari, raia, wanawake, watoto. Ndege haikujibu. Ikaondoka, ikauliza kwa wakuu wake, ikaamriwa izamishe nyambizi. Ikarudi, ikatupa mabomu. Moja likaangukia kati ya mashua.

Hapo Hartenstein akakata kamba, akawaamuru watu waliokuwa juu waingie majini, akazama. Wengine walikufa saa ile. Mimi siwezi kumlaumu kwa kukata kamba. Mabaharia wake nao walikuwa watoto wa watu. Wala sitaki kumfanya mtakatifu. Watu wale walikuwa majini kwa sababu yake yeye.

Tarehe 17 Dönitz akatoa amri kwa nyambizi zote: tangu leo ni marufuku kuwaokoa watu wa meli zilizozamishwa, marufuku kuwapa chakula au maji, marufuku hata kuigeuza mashua iliyopinduka. Na siku ile ile, tarehe 17, Hartenstein alipewa Ritterkreuz, nishani kubwa ya vita ya Kijerumani. Rubani wa Kimarekani naye alipata nishani, kwa kuwa ilidhaniwa ameizamisha nyambizi.

Meli za Kifaransa zilifika, zikawachukua wengi. Katika wote waliokuwamo Laconia, waliopona ni kama 1,100. Mashua moja iliyopotewa na wenzake ilielea siku 27 mpaka pwani ya Liberia: waliingia watu 68, wakashuka 16 walio hai. Mmoja wao alikuwa Doris Hawkins, mwuguzi wa misioni. Alikuwa akimpeleka Uingereza mtoto mchanga wa watu wengine, na mtoto huyo alipotea baharini usiku ule wa kwanza. Hawkins aliandika kitabu mwaka 1943, vita ikiendelea, akashuhudia bila kuficha kwamba Wajerumani wa nyambizi waliwatendea wema.

Mwaka 1946, huko Nürnberg, Dönitz aliulizwa juu ya amri yake. Admirali Nimitz wa Marekani alishuhudia kwa maandishi kwamba nyambizi za Marekani nazo, katika Pasifiki, kwa kawaida hazikuwaokoa maadui kama kufanya hivyo kungezitia hatarini. Dönitz alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine. Kwa vita vya nyambizi mahakama haikumwongezea adhabu.

Hartenstein hakuwapo kutoa ushahidi. Tarehe 8 Machi 1943, mashariki ya kisiwa cha Barbados, ndege ya Kimarekani iliipata U-156 ikiwa juu ya maji, ikaikata kwa mabomu. Marubani waliona watu wachache wakiogelea. Wakawatupia boya la mpira na chakula. Wanne watano hivi walionekana wakilifikia boya lile. Manowari ilitumwa kuwatafuta, ikazunguka siku kadhaa, haikumwona hata mmoja.