Kiswahili na Nyumba ya Wafalme wa Buganda

Wahenga walinena kwamba aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni methali inayofaa kukumbukwa kila wasomi wa Kiswahili wa Kenya wanapoizungumzia Uganda. Mara nyingi husemwa kwamba watu wa Buganda wanakikataa Kiswahili kwa sababu ya majivuno ya Luganda, na mjadala ukaishia hapo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Anayetaka kujua ni kwa nini lugha hii imesimama mlangoni mwa Buganda kwa miaka mingi, hana budi kutembea kwa miguu katika vilima vya Kampala na kuyaona majengo ya kifalme kwa macho yake.

Matembezi hayo kwa kawaida huanzia Bulange, jengo la Lukiiko, yaani bunge la Buganda, lililojengwa katika miaka ya 1950 enzi ya Kabaka Mutesa wa Pili. Kutoka hapo, barabara iitwayo Kabakanjagala, maana yake "Kabaka ananipenda", huelekea moja kwa moja hadi lango la ikulu ya Mengo. Kando yake zimepangwa sanamu za alama za koo za Buganda, na koo hizo zinahesabiwa kuwa 52. Katikati ya safari pana mzunguko wa barabara wenye lango dogo. Watu wote huuzunguka. Kabaka peke yake ndiye hupita katikati, kwa kuwa mfalme hapindi njia. Hadi hapa mgeni hutabasamu na kustaajabu.

Tabasamu hilo hukatika ndani ya ua wa ikulu, uitwao Lubiri. Ikulu hii ilianzishwa na Kabaka Mwanga wa Pili mwaka 1885. Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote, chini ya uongozi wa Idi Amin, yaliivamia. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa amewahi kuwa rais wa Uganda, aliruka ukuta akakimbilia uhamishoni, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967. Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi, na Bulange ikawa makao ya wizara ya ulinzi. Chini ya ardhi ya Lubiri lipo handaki la saruji ambalo wakati wa utawala wa Amin lilitumiwa kuwafungia na kuwatesa watu. Mgeni huonyeshwa vyumba vyake vya giza, na husimuliwa jinsi maji na nguvu za umeme vilivyotumiwa kuwazuia mahabusu wasitoroke.

Je, Kiswahili kinahusika vipi na handaki hilo? Kinahusika kwa sababu kilikuwa lugha ya askari. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo Amin alijiunga nalo mwaka 1946, lilitumia Kiswahili, na jeshi la Uganda huru likairithi desturi hiyo. Kwa mwananchi wa Kampala wa miaka ya 1970, Kiswahili kilikuwa sauti ya anayesimamisha gari njiani na anayebisha mlango usiku. Mwaka 1973 ndiye Amin huyo huyo aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa. Lugha gani ingependwa ikiwa imeletwa na mjumbe wa namna hiyo? Ni kweli kwamba askari wa Tanzania walioingia Kampala mwezi wa Aprili 1979 na kumng'oa Amin nao walizungumza Kiswahili. Hata hivyo, aliyekombolewa na askari bado amemwona askari, na lugha ikabaki na harufu ya baruti.

Wapo wapenzi wa Kiswahili wanaojibu kwamba lugha haina kosa, mwenye kosa ni msemaji. Hoja hiyo ni sahihi katika darasa la isimu, lakini haina nguvu mbele ya mjane. Lugha hukumbukwa pamoja na vinywa vilivyoitamka. Ndiyo maana si haki kumcheka mzee wa Mengo anayenyamaza anaposalimiwa kwa Kiswahili, wala kumwita mtu asiyeipenda Afrika Mashariki.

Pamoja na hayo, simulizi ya handaki si simulizi nzima, na hapa ndipo wanazuoni wa Kiswahili wanapostahili lawama. Kilomita chache kutoka Mengo ni kilima cha Kasubi, ambako jumba kubwa la nyasi liitwalo Muzibu-Azaala-Mpanga limehifadhi makaburi ya wafalme wanne. Mgeni huvua viatu na kuketi juu ya mkeka, huku makaburi yenyewe yakiwa yamesitiriwa kwa pazia la magome ya miti. Makaburi haya yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, jumba likateketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na baada ya kazi ya miaka mingi ya kulijenga upya, mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya turathi zilizo hatarini.

Historia ya Kiswahili katika Buganda imelala chini ya paa hilo moja. Wa kwanza kuzikwa hapo ni Muteesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884. Huyu alijifunza Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani ambao walikuwa wamefika katika ikulu ya Buganda tangu mwaka 1844, enzi ya baba yake, Suuna wa Pili. Alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Alipotembelewa na Stanley mwaka 1875, walizungumza kwa Kiswahili, na kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, akabaki ikuluni kuwa mwandishi na msomaji wa maandiko. Wakati huo hapakuwa na askari aliyemlazimisha mfalme. Kiswahili kiliingia kama mgeni aliyepiga hodi akakaribishwa, na mfalme mwenyewe akawa mwanafunzi wake.

Karibu naye amezikwa mjukuu wake, Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939. Huyu, mwaka 1929, aliandika kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Uganda. Kwake yeye, lugha iliyosukumwa na gavana ilikuwa tishio kwa Luganda na kwa hadhi ya ufalme. Mtu na babu yake wanalala nyumba moja, mmoja alikipenda Kiswahili na mwingine alikikataa, na wote wawili walikuwa na akili timamu. Kilichobadilika kati yao ni namna Kiswahili kilivyokuja. Kwa babu kilikuja na kitabu na bidhaa; kwa mjukuu kilikuja na amri. Kitukuu, Mutesa wa Pili, ambaye mwili wake ulirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 1971 na kuzikwa papo hapo, kilimjia na bunduki.

Isitoshe, alama za yule mgeni wa kwanza hazijafutika. Baganda husema ekitabo, essaawa, emmeeza na ssabbuuni bila kuhisi kwamba wameazima chochote. Hata jina la nchi, Uganda, limevaa kiambishi cha Kiswahili, kwani wenyeji waliita nchi yao Buganda. Inasikitisha kwamba mtembeaji anaweza kuzunguka Mengo na Kasubi kutwa nzima na kusikia habari za Kiswahili mahali pamoja tu, yaani penye handaki.

Suala hili si la utalii tu. Mwezi wa Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Habari hizo zilishangiliwa mno Nairobi na Dar es Salaam. Lakini neno "lazima" ndilo lile lile lililomfanya Daudi Chwa ashike kalamu. Iwapo mwalimu wa Kiswahili ataingia darasani Kampala akiwa na ngeli na methali pekee, bila kujua kilichotendeka Lubiri, mtoto atasoma ili apite mtihani tu, na nyumbani bibi yake atamfundisha kuichukia lugha hiyo.

Yapo mambo yanayowezekana. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huandaa safari za kwenda Lamu na Mombasa kila inapowezekana, na hilo ni jema. Lakini huko huenda kusifu. Inafaa waende pia Kampala, wakasikilize. Aidha, vyuo vikuu vya Kenya na vya Uganda vinaweza kushirikiana na wasimamizi wa majengo hayo kuandaa kijitabu cha Kiswahili cha matembezi ya kifalme, chenye habari za Maftaa na za handaki vilevile, bila kupaka rangi. Kijitabu hicho kiandikwe na Baganda wenyewe, kwa Kiswahili chao. Watembezaji wa wageni walio tayari wapewe mafunzo, na Luganda ibaki kuwa lugha ya heshima katika makaburi, kwa kuwa mgeni hapangi viti katika sebule ya mwenyeji.

Atakayesema kwamba kufanya hivyo ni kutonesha donda ajue kwamba donda halijapona, limefunikwa tu. Kiswahili kiliwahi kuketi mkekani mwa Kabaka kwa kualikwa. Kikitaka kuketi tena, hakitoshi kuletwa na azimio la baraza la mawaziri. Sharti kivue viatu mlangoni, kikae chini, na kianze kwa kusikiliza yaliyotendwa kwa jina lake.