Msiwasahau watu wa maabara

Ndugu mwandishi, katika makala yako juu ya maumivu ya shingo na mabega kazini umesema kweli kuhusu wauguzi, ila umewaacha watu wa maabara. Mimi ni muuguzi kutoka Kenya, nafanya kazi hapa Juba, na ninaowahurumia zaidi ni hao. Msimu wa mvua malaria ikipamba moto, mtaalamu wa maabara huinamia hadubini tangu asubuhi, shingo imepinda, mabega yamekaza. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa hupungukiwa damu, nao huanza kuuma. Dawa ya kutuliza maumivu haigusi chanzo. Kuiweka hadubini juu ya kibao imara ili shingo inyooke hakuhitaji mfadhili!

Wodini nako vitanda vingi ni vya chini, havipandishwi. Hapa kwetu ndugu wa mgonjwa ndio wanaomlisha, kumwogesha na kumgeuza, nao huumia mabega vilevile kwa kumvuta kwa mikono. Tuwafundishe kumgeuza kwa shuka, watu wawili, kila mmoja upande wake.

Wakuu wa hospitali, nawaomba sana: ruhusuni mapumziko mafupi kila saa. Anayeumwa shingo akilazimika kuendelea, kipimo cha mtoto mwenye homa kinaweza kusomwa vibaya.