Wasanii wa Eldoret Wapewe Jembe

Baridi ya Timboroa, ndugu msomaji, haina adabu. Mtu wa pwani kama mimi, niliyezoea kulala kwa shuka moja na madirisha wazi, hushuka garini pale akadhani dereva amepotea njia. Ikweta iko jirani, na bado kituo cha reli cha Timboroa kiko zaidi ya futi 9,000 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa safarini kwenda Eldoret, na gari lilisimama watu wapate chai.

Mbele ya hoteli palikuwa na kijana juu ya ngazi akichora bango. Alikuwa amechora kikombe kinachotoa moshi, na moshi ule ulizunguka kwa ufundi ukawa herufi za jina la hoteli. Nikamwamkia, tukazungumza. Nikamwuliza lile swali letu la kila siku, tuliulizalo bila kufikiri: “Mwanangu, wewe ni mtu wa hapa?” Akacheka. “Mzee, hapa nimezaliwa. Lakini ukiwauliza watu wa hapa ni nani, mimi simo.”

Sikumwuliza kabila lake, wala sitalitaja hapa. Pande zile neno hilo si la mzaha. Nyumba zilichomwa mwaka 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto na watu wamo ndani, wake na watoto. Mtu aliyekua katika habari hizo akiambiwa “si wa hapa” huelewa zaidi ya maneno yenyewe.

Chai ilinipata na ubeti, nao huu:

Timboroa ni baridi, meno yangu yagongana,
Chai ndiyo imebidi, na wenyeji tukanena,
Mchora kwa jitihadi, wamwambia kwao hana,
Mwenye kupamba kibanda, vipi awe si wa ndani?

Eldoret ilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa ya tano Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 475,716. Sasa tuulizane: jiji hilo ni la nani? Makaburu walifika uwanda ule mwaka 1908 kutoka Afrika Kusini, na mji ukaota penye shamba namba 64, ndiyo maana wenyeji wakauita Sisibo. Reli ikafika 1924 na makarani na mafundi wake. Wahindi wakafungua maduka. Waislamu wakajenga misikiti. Hata jina la kaunti, Uasin Gishu, ni la Wamaasai waliolisha ng'ombe pale zamani. Ukianza kuwatoa wageni mmoja mmoja, sijui atabaki nani wa kufunga mlango.

Lakini angalia jukwaa likijengwa. Msanii wa nyumbani huitwa kuimba, na yule mwingine huitwa kubeba vipaza sauti. Haya siyasemi kwa kusikia. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa bara, nilialikwa nisome mashairi. Nilipofika, msimamizi akaniambia, kwa upole kabisa, “Mzee, hayo ya kwenu pwani tutayaweka mwisho, muda ukibaki.” Muda haukubaki. Nilipewa soda na nauli, nikarudi kwetu na karatasi zangu mfukoni. Soda ilikuwa baridi, namshukuru.

Nasi watu wa pwani tusijitie utakatifu. Neno “wabara” tunalitamka vipi? Agosti 1997 huko Likoni watu wa bara waliuawa na kufukuzwa, na wengi wetu tulinyamaza. Tuna deni.

Tuna na mfano mwema pia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, kwa wazazi wa asili ya utumwa, akauza vyungu kwa miguu. Alipohamia mjini alikuwa katika wale wasiohesabiwa. Waliokuwa na ukoo wa kujivunia walimcheka. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay na wenzake, wakatia sauti katika sahani za santuri, na taarabu ya Kiswahili ikasikika pwani nzima. Wale wa Ng'ambo waliosikia Kiswahili chao na mashaka yao yakitoka katika santuri walijua kwamba mji ni wao pia. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini tusisahau hili: palikuwa na waliomfunza kuimba, na palikuwa na watu waliolipa ili wamsikie. Sauti peke yake isingefika Bombay.

Huko Chicago nako, Wamarekani weusi waliohamia kutoka kusini walikosa pa kutundika picha zao, hata mwaka 1940 kikafunguliwa kituo cha sanaa cha South Side, katika mtaa wao wenyewe. Kipo mpaka leo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama ya kumfukuza mgeni. Mimi naisoma vingine: jembe ndilo linalomtoa katika ugeni, kwa sababu anayelima nawe hula nawe. Msanii jembe lake ni kazi yenye malipo.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti madaraka juu ya shughuli za utamaduni, maktaba na majumba ya makumbusho. Basi serikali ya Uasin Gishu isiseme haihusiki. Ina kuta za stendi na za masoko: iwape wachoraji kwa mkataba, na wa Timboroa na Burnt Forest wawemo, si wa katikati ya jiji tu. Ina sherehe zake: iwe na orodha ya wasanii inayosomwa hadharani, na malipo yajulikane kabla ya siku yenyewe. Chuo Kikuu cha Moi kiko Kesses tangu 1984, na Kiswahili kinasomeshwa huko. Wanafunzi waje mjini waandike tenzi za wafanyabiashara wa soko, kwa Kiswahili, lugha ambayo pale haina mwenyewe na kila mtu anaijua.

Siku nne baadaye nilipita tena Timboroa. Bango lilikuwa limekwisha, na linapendeza. Nikamwuliza yule kijana kama amelipwa. Akasema mwenye hoteli amemwahidi mwisho wa mwezi, na kwa sasa anakula pale bure.