Choroko Kwanza

Anayepika mseto hutanguliza choroko sufuriani, kwa sababu ni ngumu na huchelewa kuiva. Mchele hufuata choroko zikishalainika. Ukivitia vyote kwa mpigo utakula wali uliovurugika wenye punje zinazogonga meno. Hili halihitaji shahada. Lakini mtu huyohuyo anayelijua jikoni, mtumie mseto wa nyimbo za roki uliokaa siku tatu ukiupanga, uone atakachofanya kwanza: atabonyeza kile kitufe chenye mishale miwili inayopishana, nyimbo zichangwe kama karata. Baadaye atakuandikia kwamba ameupenda sana. Ameupenda upi?

Nieleweke ninagombana na nani. Sina neno na redio, wala na zile orodha za mamia ya nyimbo ambazo programu za simu hujitungia zenyewe. Hizo zichangwe, zikorogwe, zimwagwe. Nasema juu ya mseto wa nyumbani, nyimbo 12 au 15 ambazo mtu mmoja amezipanga kwa ajili ya mtu mwingine. Ndani yake hamna wimbo hata mmoja ulio wa mpangaji. Gitaa si lake, sauti si yake, maneno si yake. Alichonacho ni kimoja tu, kuamua upi utangulie na upi ufuate. Ukikiondoa hicho unabaki na nyimbo ambazo ungezitafuta mwenyewe kwa dakika tano, na kazi ya mwenzako umeitupa kabla hujaisikia.

Utetezi ninaoukuta mara nyingi ni kwamba mtu anapenda kushtukizwa. Sawa, tuzungumzie mshtuko. Chukua Abbey Road ya Beatles, ya mwaka 1969. Upande wa kwanza wa santuri unamalizika na "I Want You (She's So Heavy)", wimbo wa zaidi ya dakika 7 ambao gitaa lake linazunguka palepale, linazidi kuwa zito, upepo unavuma juu yake, na unapodhani sasa utapunguzwa taratibu kama nyimbo nyingine, unakatwa. Kama umeme. Kimya. Inabidi uinuke, uigeuze santuri, urudishe sindano, ndipo inakuja "Here Comes the Sun", gitaa jepesi kama dirisha lililofunguliwa asubuhi. Huo ndio mshtuko, na umejengwa kwa dakika 7 za kukuchosha makusudi. Ukizichanga nyimbo hizo, ule mkato unasikika kama faili bovu, na jua linachomoza bila kuwa kumekucha.

Kwetu pia jambo hili halijawahi kuwa geni. Waliokulia nyumba zenye Msondo au Sikinde wanajua wimbo wa dansi hauanzi na chemko. Kwanza unaelezwa kisa kwa mwendo wa pole, waimbaji wanapokezana, magitaa yanasuka chini kwa chini, halafu ndipo watu wanaachiwa. Mtu akikupigia chemko peke yake utacheza, ndiyo, lakini hujui unachezea nini.

Tena huo unaouita mshtuko si wa bahati nasibu. Mwaka 2014 wahandisi wa Spotify walieleza kwamba walibadilisha namna ya kuchanga nyimbo kwa sababu wasikilizaji walilalamika. Bahati nasibu ya kweli inaweza kuleta nyimbo tatu za mwimbaji mmoja kwa mfululizo, na watu wakaona kitufe kimeharibika. Basi wakatunga kanuni ya kuwatawanya waimbaji ili ionekane kama nasibu. Maana yake, unapobonyeza kile kitufe hujakataa kupangiwa. Umemkataa rafiki yako aliyekupangia, ukampokea mhandisi asiyejua hata jina lako.

Mwaka jana nilimtengenezea mseto rafiki yangu aliyekuwa amefiwa na baba yake. Ni mtu wa roki, wa kugombana kabisa juu ya nani mpiga dramu bora. Nyimbo 14, dakika 58. Nilifungua na WITCH wa Zambia, kisha Ngozi Family, yale magitaa ya miaka ya 1970 yanayokwaruza kama bati, kwa sababu nilijua tangu msibani hajapaza sauti. Nyimbo saba za kelele, kila moja nzito kidogo kuliko iliyotangulia. Ya nane ndipo niliweka "Khala My Friend" ya Amanaz, nao ni Wazambia, wimbo wa pole unaokukuta ukiwa umeshachoka kupiga kelele na huna tena cha kujikinga nacho. Baada yake hakukuwa na kelele tena.

Yeye aliuchanga. Wa nane ukaja wa kwanza. Jioni akaniandikia, "Kaka, mbona umenianzishia matanga?"

Hakuusikiliza tena, na simlaumu mtu aliye kwenye majonzi. Ninachokilaumu ni kitufe, na mazoea yaliyotufanya tukione kama sehemu ya adabu ya kusikiliza.

Kuna dhambi nyingine ndogo, ya wapangaji wenyewe, ya kurundika mbele nyimbo zote zinazojulikana wakiogopa msikilizaji atakimbia. Huo ni woga wa mchuuzi. Wimbo wa kwanza kazi yake ni kufungua mlango, na mara nyingi wimbo wa pili ndio mgumu kuupata kuliko wote, maana unatakiwa uonyeshe kwamba kuna safari bila kuuzima ule wa kwanza. Waliorekodi kanda za dakika 90 waliyajua haya kwa vidole. Kila upande ulikuwa na dakika 45, na wimbo uliozidi ulikatwa na mwisho wa utepe, upende usipende. Hata santuri ilikuwa na amri zake: kadiri sindano inavyokaribia katikati, duara linakuwa fupi na sauti kali huanza kuchafuka, ndiyo maana wengi waliweka nyimbo tulivu mwishoni mwa upande.

Leo hakuna utepe unaokatika, na mpangilio umegeuzwa kuwa bidhaa. Mwaka 2021 Adele aliitaka Spotify iache kuzichanga albamu bila kuulizwa, ikakubali kuliondoa pendekezo hilo kwenye albamu, kwa wanaolipia. Asiyelipia, kwa miaka mingi, alipofungua albamu au orodha kwenye simu alichangiwa atake asitake. Kijana wa Tandale au Kibera asiye na kadi ya benki akaambiwa kwa vitendo kwamba mwanzo, katikati na mwisho ni vya wenye nazo. Hili linaniudhi kuliko yote, na sielewi kwa nini halikutuudhi sote.

Kwa hiyo sasa situmi orodha. Nazitia nyimbo zote kwenye kompyuta, nazipanga mstari mmoja kwa programu ya bure, napima kimya kati ya wimbo na wimbo (sekunde mbili kwa kawaida, tano kabla ya ule wa nane), kisha naziunganisha ziwe faili moja. Dakika 58 hazifiki megabaiti 60, na WhatsApp inazibeba kama waraka. Juzi binamu yangu alinipigia simu akilalamika kwamba amejaribu kuzichanga imeshindikana, na akitaka kuruka anaangukia katikati ya wimbo asioujua.

Nikamwambia ndiyo.