Bunduki ina bima, ufunguo je?

Katika majimbo mengi ya Marekani si ajabu kukuta nyumba ya kawaida kabisa, yenye friji na baiskeli za watoto barazani, ina bunduki 10 au 15 ndani. Nyingine ni za kuwindia, nyingine za mashindano ya shabaha, nyingine aliziacha babu. Mwenye nyumba huzikusanya kama mwenzake anavyokusanya saa au sarafu za kale, na kwa kuwa zina thamani kubwa, huzikatia bima.

Wapo wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi huko, Watanzania, Wakenya na Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, ambao watoto wao hualikwa kucheza na hata kulala katika nyumba hizo. Baadhi yao nao wamenunua silaha. Hapa nchini pia wako wanaomiliki bastola au bunduki kwa kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wao ni wachache mno wakilinganishwa na Wamarekani, lakini droo ya pembeni mwa kitanda ni ile ile, na watoto ni wale wale.

Kwanza bima yenyewe, maana hapo ndipo wenye silaha wengi huanzia. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani huhesabu bunduki kuwa mali ya ndani, sawa na kochi au televisheni. Ila inapofika kwenye wizi, mikataba mingi huweka ukomo wa fidia, mara nyingi dola 2,500 kwa bunduki zote kwa pamoja. Bunduki moja nzuri ya kuwindia iliyofungwa darubini inaweza kumaliza kiasi hicho peke yake. Ndiyo maana wakusanyaji hulipia nyongeza kwenye mkataba au hukata bima maalumu, ambapo kila silaha huorodheshwa: mtengenezaji, aina, namba yake, picha, risiti na thamani iliyokadiriwa na mtaalamu.

Orodha hiyo haifai kukaa ndani ya sefu yenye bunduki. Nyumba ikiungua, au wezi wakiibeba sefu nzima, orodha nayo imekwenda. Nakala moja hukaa kwa ndugu au benki, nyingine mtandaoni. Polisi nao wataitaka, kwa sababu bunduki iliyoibwa bila kujulikana namba yake ni vigumu kuirudisha kwa mwenyewe.

Kuna bima ya upande wa pili, ile inayolipa mtu mwingine akiumizwa. Mwaka 2022 jiji la San Jose, California, lilipitisha kanuni ya kuwataka wenye silaha wawe na bima ya namna hiyo, likawa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Hata hivyo bima hizi kwa kawaida hulipia ajali. Tendo la kukusudia hazilipii.

Sasa turudi kwa watoto. Anayekata bima humfikiria mwizi anayetoka nje: mlango umara kiasi gani, sefu ina uzito gani, king'ora kipo? Daktari wa watoto humfikiria mtu ambaye tayari yumo ndani. Mwizi hajui ufunguo unawekwa wapi. Mtoto wa darasa la tano anajua.

Wazazi wengi watabisha hapo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini Alabama, ambapo wazazi wenye bunduki na watoto wao waliulizwa maswali yale yale, kila mmoja kwa wakati wake. Kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajui silaha inawekwa wapi, asilimia 39 walipingwa na watoto wenyewe. Kati ya waliosema mtoto wao hajawahi kuigusa, asilimia 22 walipingwa vilevile. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa na uhakika tu, na uhakika ndio uliowaponza.

Jibu la pili la wazazi huwa ni hili: "Mwanangu nimemfundisha, hawezi kugusa." Hilo nalo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watafiti wa Atlanta waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi iliyofichwa kwenye droo. Wavulana 48 waliiona. 30 waliishika. 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema walishawahi kufundishwa usalama wa silaha.

Kumfundisha mtoto si vibaya. Ila mafundisho hayawezi kufanya kazi ya kufuli, na kumpa mtoto wa miaka tisa jukumu la kuilinda bastola ya baba yake ni kumwonea.

Kwa vijana wakubwa hatari huwa ya namna nyingine, na huzungumzwa kidogo kwa sababu inatisha. Kijana aliyefeli, aliyeachwa na mpenzi, au anayenyanyaswa shuleni anaweza kupitiwa na wimbi la kutaka kujidhuru ambalo mara nyingi halidumu. Akilivuka, wengi huendelea na maisha yao. Lakini bunduki haitoi nafasi ya kujuta: karibu watu 9 kati ya 10 wanaojidhuru kwa risasi hufariki. Tangu mwaka 2020, silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wenye umri kati ya mwaka 1 na 19, kwa kuhesabu mauaji, kujiua na ajali kwa pamoja.

Kinachopunguza hatari hiyo si kigumu kueleweka. Utafiti uliotoka mwaka 2005 katika jarida la JAMA uliangalia mambo manne: bunduki kufungiwa, bunduki kuwekwa bila risasi, risasi kufungiwa, na risasi kukaa mahali tofauti na bunduki. Kila moja kati ya hayo lilihusishwa na upungufu wa vijana kujiua na ajali za watoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani husema nyumba salama zaidi kwa mtoto ni isiyo na bunduki kabisa; kama ipo, basi yafuatwe hayo.

Ugumu uko kwenye ile moja. Katika nyumba ya mkusanyaji, bunduki 14 za thamani zinaweza kuwa kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni, na vifuko vya kukausha unyevu ndani ili zisishike kutu. Ya 15 ni bastola ya bei ndogo, haina hata nafasi katika orodha ya bima, nayo iko chini ya mto ikiwa na risasi, "kwa ajili ya wezi". Kwa kampuni ya bima hiyo ndiyo isiyo na maana kuliko zote. Kwa mtoto, ndiyo silaha pekee iliyomo ndani ya nyumba hiyo. Makadirio ya mwaka 2021 yalionesha watoto milioni 4.6 Marekani wanaishi katika nyumba zenye angalau bunduki moja yenye risasi ambayo haikufungiwa.

Hofu ya wezi ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini yapo maboksi madogo ya chuma yanayofunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri kwa sekunde chache, yanayowekwa karibu na kitanda. Namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Atakuwa wa kwanza kuijaribu. Na ufunguo wa sefu usikae kwenye kikombe juu ya kabati, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hiyo alishapanda kutafuta biskuti.

Sheria nazo zinaanza kumwangalia mzazi. Novemba 2021, mwanafunzi wa miaka 15 aliua wenzake wanne katika shule ya Oxford, Michigan, kwa bastola aliyonunua baba yake siku chache kabla. Mahakamani ilielezwa kuwa kufuli ya waya iliyouzwa pamoja na bastola ilikutwa bado iko kwenye mfuko wake. Mwaka 2024 wazazi wote wawili, James na Jennifer Crumbley, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15. Mwaka huo huo Michigan ilianza kutumia sheria inayowataka wenye silaha kuzifungia pale ambapo mtoto anaweza kuzifikia.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amealikwa kulala kwa rafiki, swali huwa zito kutamka. Kwa malezi ya Kiswahili, kumuuliza mwenyeji kilichomo ndani mwake ni kama kumtuhumu. Njia nyepesi ni kulichanganya na mengine: mtoto wangu hali karanga, anaogopa mbwa, na je, kuna bunduki nyumbani, na imefungiwa? Wamarekani wengi wenye silaha hujibu bila kinyongo. Asiyetaka kujibu, watoto wanaweza kuja kucheza kwa muuliza swali.

Kijana akionekana kubadilika, kujitenga, kusema maneno ya kukata tamaa, kumpeleka hospitali kusisubiri, na silaha iondoke nyumbani kwanza hata kama sefu ni imara. Marekani baadhi ya maduka ya silaha na vituo vya polisi huzipokea kwa muda. Hapa nchini pa kuanzia ni polisi, kwa kuwa kibali ni cha mtu na silaha haihamishwi kwa shemeji kama jenereta. Ni vivyo hivyo mwenye silaha anapofariki. Familia hugawana mashamba na nguo, lakini bastola ya marehemu hutolewa taarifa kituoni mapema, kabla ya wageni wa msiba na watoto wao kujaa nyumbani.